Baba Alivyowaonyesha Watu Menengai

Siku hizi watu hupanda Menengai Jumapili na mahindi ya kuchoma mkononi, husimama ukingoni mwa shimo la volkano, hupiga picha na kurudi mjini. Mjukuu wangu mmoja alinionyesha picha yake akiwa ameinua mikono juu kama mtu aliyefunga bao, na nyuma yake lile shimo lote limelala kimya. Akaniuliza, "Shosho, wewe uliwahi kufika huku?" Nikamwambia aniondolee hiyo simu usoni. Alishangaa, maskini. Hakuwa na kosa lolote. Lakini hasira zangu ziko karibu, zimekuwa karibu tangu nikiwa msichana, na mahali pale hata nikionyeshwa kwa picha damu inanichemka.

Mle shimoni nimeshuka mara nyingi, tena na kikapu cha chakula mgongoni, mkanda wake ukinibana kwenye paji la uso. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa mzungu mmoja mwenye shamba la ngano na ng'ombe wa maziwa juu ya mji wa Nakuru. Tulimwita Bwana, kama kila mzungu alivyoitwa. Bwana alikuwa amejenga vyumba vichache vya wageni kando ya nyumba yake, na wageni walikuja, wengine kutoka Nairobi, wengine moja kwa moja kutoka Uingereza, wakitaka kuiona nchi. Kazi ya baba ilikuwa kuwaonyesha.

Na kwa kweli kulikuwa na vya kuonyesha, siwezi kudanganya kwa sababu ya uchungu. Siku ya kwanza aliwapeleka ziwani kuwaona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, ambao ukiwatazama kwa mbali unadhani kuna mtu ameanika kanga ufukoni pote. Siku ya pili ilikuwa ya Kilima cha Pimbi. Huko aliwaonyesha mashimo ya bao yaliyochongwa juu ya mwamba na watu ambao hakuna anayewajua, na kuta za mawe za maboma yao, na vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, lenye makali ya kuchinjia mbuzi mpaka leo. Siku ya tatu walishuka Menengai.

Pale ukingoni baba alikuwa na maneno yake. Sisi nyumbani tuliyaita mahubiri. "Hapa," alisema, "Wamaasai walipigana wao kwa wao. Walioshindwa walisukumwa wakaanguka huko chini, vijana wote, na ngao zao, na mikuki yao. Mvuke mnaouona ni roho zao zinatafuta njia ya kutoka." Aliyasema kwa Kiswahili, Bwana akayageuza Kizungu, na wale mama wa Kizungu wakashika vifua vyao. Baba alikuwa mtu mpole, mfupi, wa kuzungumza chini chini, lakini kwenye mahubiri sauti yake ilikuwa kubwa kuliko yeye. Mahubiri makubwa zaidi aliyatoa chini kabisa, mahali ambapo wageni walikula chakula cha mchana, chini ya pango moja pana. Alipanda juu ya jiwe, akapiga kelele, na kuta za shimo zikamrudishia kila neno. Wageni walipiga makofi. Akishamaliza alikwenda nao nyuma ya kilima kidogo cha mawe kuwaonyesha mvuke unavyotoka ardhini, na mimi nikabaki peke yangu kukusanya sahani.

Mimi nilikuwa mwanamke mzima, si mtoto. Nilikuwa nimeolewa Njoro na nikarudi. Mume wangu alinipiga mara moja na mimi nikampiga mara moja, ila mimi nilitumia mchi. Basi baba akarudisha mbuzi wa mahari, akanipatia kazi jikoni kwa memsahibu, mke wa Bwana, na hakunilaumu hata siku moja. Aliniita maitu, yaani mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake kama desturi yetu ilivyo. Tulikuwa wawili tu tumboni mwa mama yetu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Yeye alikuwa mkamuaji, kijana wa kucheka ovyo, na mama alimpenda kuliko sisi sote na hakujaribu kuficha.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ilipopigana na Mau Mau. Wakikuyu tuliokuwa kwenye mashamba ya wazungu tukawa wezi na wauaji kwa siku moja. Wengi walipakiwa kwenye malori wakarudishwa kwenye rizavu, ardhi waliyotengewa Wakikuyu, mahali ambapo baadhi yao hawakuwa wamepaona tangu kuzaliwa. Bwana alitubakiza sisi kwa sababu ya kazi ya baba. Wageni walikuwa wamepungua, lakini maofisa wa jeshi walikuja na wake zao, na wao pia walitaka kuona ndege na shimo. Nilikuwa nikiwapakia sandwichi watu wale wale waliokuwa wakichoma nyumba za jirani zangu. Niliwapakia vizuri. Siku moja nilizitemea mate, na sijutii.

Asubuhi moja homgadi, Waafrika wenzetu waliopewa silaha na serikali, walitupanga wote kando ya josho la ng'ombe. Aliletwa mtu aliyefunikwa gunia toka kichwani hadi magotini, matundu mawili tu ya macho. Alipita mbele yetu pole pole. Akitikisa kichwa mbele yako, umekwisha. Alitikisa kwa mzee mmoja mchunga ng'ombe, na mzee akauliza kwa heshima kabisa, "Nimefanya nini?" Wakampiga na mpini wa jembe mdomoni, na alipoanguka wakaendelea kupiga pale pale chini, mpaka nikasikia kitu kikivunjika ambacho si mpini. Gunia likasogea. Likatikisa mbele ya mdogo wangu.

Walimweka siku tatu kwenye chumba cha mashine ya maziwa. Sisi tulifua, tukapika, tukalisha ndama, na mchana kutwa tulimsikia. Mama alikaa nje ya mlango na hakuna aliyeweza kumwondoa, homgadi walimpiga mateke na akarudi kukaa. Alipotoka hakuwa na kucha kwenye mkono wa kulia, na hakuweza tena kukamua. Hakuwa amesema lolote kwa sababu hakuwa na la kusema. Siku ya nne akatoroka. Homgadi wakatupiga sisi sote badala yake, baba zaidi, wakimuuliza mwanawe yuko wapi, na baba akasema hajui, na wakati huo ilikuwa kweli.

Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Wageni walikuwa wamekula, baba amemaliza mahubiri amekwenda nao kwenye mvuke, na mimi nimeinama juu ya sahani. Jiwe dogo likaanguka karibu na mguu wangu. Nikainua macho, nikamwona kwenye mdomo wa pango, amekonda mpaka masikio yake yamekuwa makubwa. Alikuwa anacheka. Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja.

Tukapanga hapo hapo, haraka haraka. Nilimwambia, "Mahali hapa hawaji ila na baba, na baba haji bila mahubiri. Ukimsikia, jua chakula kimefika. Kaa ndani, usitoe hata pua. Akinyamaza, ameondoka nao. Hapo shuka, nitakuwa peke yangu." Nilikuwa namfungia mabaki ndani ya kitambaa cha mezani, kimoja kila safari. Memsahibu alihesabu vile vitambaa kila Jumamosi kama mtu anayehesabu watoto wake, kwa hiyo nilimwonya mdogo wangu kila mara aje na kile cha safari iliyopita, kimeoshwa. Aliviosha kwenye maji yanayotonea pale mvuke unapogusa mawe. Vilirudi safi kuliko nilivyoviosha mimi.

Baba sikumwambia. Nilijua watampiga tena, na nilifikiri mtu asiyejua kitu hawezi kukisema hata akipigwa namna gani. Nilijiona nina akili sana. Mara sita au saba tulifanya vile. Mara sita au saba baba alipaza sauti, akanyamaza, na mdogo wangu akashuka akala.

Siku waliyokuja ilikuwa Jumanne, maziwa yalikuwa yameshachujwa. Malori mawili ya askari, na ofisa mmoja kijana ambaye shingo yake ilikuwa imebabuka kwa jua. Mtu fulani alikuwa amewaambia kuna watu kwenye pango la Menengai. Mpaka leo simjui, na ningemjua mngesikia habari zangu. Bwana alikuwa akilijua lile pango kwa kula chini yake, lakini njia ya kuteremka kwenye yale mawe meusi, ambayo ukikosea hatua moja unavunja mguu, aliijua vizuri baba peke yake; mimi nilizoea kumfuata tu.

Ofisa akasema kwa Kiswahili chao kile, "Wewe najua njia. Wewe onyesha."

Baba akasema hapana. Sikuwahi kumsikia akimwambia mzungu neno hilo.

Hawakumpiga yeye. Walikwenda wakamleta mama kutoka shambani, mikono ina udongo, wakampigisha magoti mbele ya josho. Askari mmoja akaweka mdomo wa bunduki nyuma ya sikio lake. Mwingine alikuwa ameshaenda kuwasha paa la nyumba yetu, na moshi ukaanza kutufikia. Mama hakulia. Alimtazama baba usoni akamwambia kwa lugha yetu, taratibu, kama anavyomwagiza chumvi dukani, "Waache wanipige risasi. Usiende."

Askari akavuta kile chuma cha bunduki nyuma. Kila mtu pale alikisikia.

Baba akasema, "Nitawaonyesha."

Mama alifumba macho. Nadhani ndani yake baba alikufa hapo hapo, dakika ile, kabla ya jambo lingine lolote.

Bwana akasema askari watahitaji maji na chakula, na mimi ndiye nijuaye kushuka na mzigo. Nikapewa kikapu. Sikupata nafasi ya kumwambia baba hata neno. Yeye alikuwa mbele na ofisa, kisha askari kama kumi, kisha mimi, kisha askari tena. Nilijaribu kujikwaa ili nianguke na kumfikia. Aliyekuwa nyuma yangu akanipiga kitako cha bunduki mgongoni, nikaangukia mikono, mawe yakanichana viganja, akaniinua kwa nywele. Tukaendelea. Ofisa alikuwa ametoa amri moja tu, watu wasitoe sauti.

Kwa hiyo baba hakusema kitu njia nzima, na mimi moyoni nikashukuru. Nilijiambia, bila mahubiri mdogo wangu hatashuka. Atasikia viatu, atajua si wageni, atapita ile mianya ya nyuma ya pango na kupotelea ndani. Nilikuwa naomba kwa Mungu wa kanisani na kwa yule wa nyanya yangu pia.

Tulipofika chini ya pango baba akapanda juu ya jiwe lake.

Hata mimi sikuamini. Alipanda, akavuta pumzi, na akapaza ile sauti. "Hapa Wamaasai walipigana wao kwa wao," alisema. "Walioshindwa walisukumwa." Kuta zikamrudishia. Nilielewa hapo hapo, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Alijua. Alikuwa amejua kwa njia zake, pengine aliona nyayo, yeye aliyekuwa akisoma ardhi kama kitabu. Alijua mwanawe yuko juu mle, naye alikuwa anamwonya. Alikuwa anamwambia kimbia kwa sauti ile ile ambayo mimi nilikuwa nimemfundisha mtoto kuwa ina maana ya chakula.

Ofisa akapiga kelele, "Wewe hapana sema!" Baba akamjibu akiwa ametabasamu, "Bwana, hapa ndipo huwa nasimulia," na akaendelea, kwa nguvu zaidi, mishipa imemtoka shingoni. Askari akampiga na kitako cha bunduki mdomoni. Alianguka kutoka kwenye jiwe, akainuka magotini, damu imejaa kinywa, akafungua kinywa tena, na askari akampiga mara ya pili. Meno yalitoka. Safari hii hakuinuka.

Kukawa kimya.

Nataka kusema ukweli hapa, maana nimeshakuwa mzee na sina wa kumwogopa. Mimi nilijua kimya kile kina maana gani. Peke yangu mle shimoni nilijua. Askari walikuwa wamelala nyuma ya mawe na bunduki zao, na mimi nilikuwa nimekalishwa chini pamoja na kikapu, na aliyenilinda alikuwa ameelekeza bunduki tumboni mwangu. Ningeweza kupiga nduru. Mimi niliyejulikana shamba zima kwa mdomo wangu, niliyempiga mume kwa mchi, ningepiga nduru moja tu na pengine wangenipiga risasi na pengine wasingenipiga. Nilitazama lile tundu la bunduki. Nikawa nasema moyoni, ataona viatu vyao, atawaona, ana macho. Nikawa nasubiri mtu mwingine aokoe ndugu yangu.

Alitoka. Alishuka kwa njia yake ya siku zote, akiangalia anapoweka miguu, na mkononi alikuwa ameshika kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri pembe nne. Alikuwa ameniletea kitambaa changu. Hapo ndipo sauti yangu ilipotoka, nikapiga nduru ambayo nadhani ilisikika mpaka Nakuru, na yeye akainua uso akinitafuta. Wakampiga risasi akinitafuta. Ya kwanza ilimpiga begani ikamgeuza. Zilizofuata sikuzihesabu. Aliteleza chini kwenye yale mawe mpaka karibu na alipolala baba, na baba akatambaa, akamfikia, akamlaza kichwa mapajani mwake na kujaribu kumfunga mdomo uliobaki wazi.

Walipekua pango. Hakukuwa na mtu mwingine, wala bunduki. Kulikuwa na nyasi za kulalia na mkebe wa maji.

Walimfunga kwenye mti mikono na miguu, wakawabebesha wanaume wa shambani, wakampandisha juu na kumlaza kando ya josho ili kila mfanyakazi apite amtazame. Tulipita mmoja mmoja. Bwana alivua kofia, kisha akaingia ndani kunywa chai. Mama alipofikiwa na zamu hakumtazama mwanawe kwanza. Alimtazama baba, aliyekuwa amesimama na kinywa kilichovimba, haongei, na akamtemea mate kifuani. Ndipo akapiga magoti, akaanza kumfuta mtoto mawe yaliyomwingia kwenye nywele, jiwe moja moja.

Wiki iliyofuata tulipakiwa kwenye lori. Kazi ya kuonyesha watu ilikuwa imekwisha, basi na sisi hatukuwa na kazi. Kwenye rizavu tuliwekwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, tena sisi wenyewe ndio tuliolichimba, na mwenye kulegea alichapwa. Mwanamke aliyekuwa akichimba karibu nami alichapwa mpaka mimba ikatoka, akarudishiwa jembe mchana huo huo. Hayo ndiyo yalikuwa maisha. Lakini ndani ya nyumba yetu ndimo mlimokuwa na baridi zaidi. Mama hakumpikia baba tena. Alipika chakula cha watu wawili, na mimi nilimkatia baba nusu ya changu. Hakumwita kwa jina wala kwa heshima ya mume. Akitaka kumtaja aliniambia, "Mwambie yule mwonyeshaji aondoe miguu." Na kijijini wote walijua habari ile kama mama alivyoijua: kwamba baba aliwaongoza askari mpaka mlangoni mwa mwanawe, akamwita kwa sauti, na mtoto akaijua sauti ya baba yake, akatoka na kitambaa cheupe ajisalimishe kwake.

Baba hakujitetea. Meno ya mbele hakuwa nayo, maneno yakawa yanamtoka kama hewa, na mtu wa namna hiyo akijitetea watu hucheka.

Alasiri moja tulikuwa mimi na yeye tunaezeka nyasi mpya juu ya nyumba. Alikuwa juu, mimi namrushia matita. Akaacha kazi. Akaniuliza bila kunitazama, "Maitu, kwa nini alitoka? Nilipiga kelele mpaka wakanivunja. Hakunisikia? Au nilinyamaza mapema?"

Akaendelea, "Walinipiga mara mbili tu. Mtu anaweza kuvumilia zaidi ya mara mbili. Kila siku nafikiria, ningesimama nikasema tena." Kisha akasema, "Na kile kitambaa. Kile kilikuwa cha memsahibu."

Nilishindwa. Nilikaa chini kwenye nyasi na kumwambia yote, sahani, jiwe dogo, mpango, mahubiri, kimya, na ile bunduki iliyokuwa tumboni mwangu nikashindwa kupiga nduru. Nilimwambia kwamba hata wasingempiga, angenyamaza wakati fulani, na mtoto angeshuka. Nilimwambia, "Si wewe uliyemuua. Ni mimi. Leo jioni nitamwambia mama, akupikie."

Alishuka kutoka juu ya nyumba. Nilifikiri atanipiga, na kwa kweli nilitaka anipige, ningeona nafuu. Alikaa karibu nami, akatoa nyasi iliyonasa kwenye shingo yangu. Nilimwona akihesabu jambo moyoni, kama alivyokuwa akipima njia kabla ya kuwashusha watu.

"Mama yako," akasema, "amebaki na mtoto mmoja. Mimi ameshanichukia, na nimeshazoea. Ukimwambia, atabaki hana mtu. Usimwambie."

Nilibishana naye. Mimi ni mtu wa kubishana. Nikamwambia si haki, nikamwambia watu wanamtemea mate kwenye njia ya kisima kwa ajili ya kosa langu, nikalia kwa hasira. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akapanda tena juu ya nyumba na kusema nimrushie tita lingine, kabla mvua haijaanza.

Nikanyamaza. Mama aliugua kifua kwenye kile kijiji chenye moshi na matope, na hakudumu. Siku za mwisho hakutaka mtu mwingine amguse ila mimi. Asubuhi ya mwisho baba alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi, na kwa maneno yake yale yasiyo na meno akamwuliza kama anaweza kuingia amuage. Mama aligeuza uso ukutani na akasema hapana. Baba akanitazama, akatikisa kichwa kidogo kunikataza, na akarudi nje. Mama alikata roho kabla ya saa sita, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu, akinishukuru kwamba mimi sikuwahi kumwacha mdogo wangu.